Chemko Lilikosa Dakika

Ukikaa na wapenzi wa muziki wa dansi Dar es Salaam, haipiti nusu saa kabla hujasikia hukumu: bongo fleva ndiyo iliyoua dansi. Nimeisikia mpaka nikawa naitikia tu, ili soda isipoe. Siku hizi siitikii. Naona tunamshitaki kijana aliyeshika kipaza sauti na kumsahau aliyekuwa akitazama saa ya ukutani.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukisema redio Tanzania Bara ulimaanisha RTD, basi. Ilikuwa ya serikali, ikasikika kwa masafa ya kati na mafupi hadi vijijini. Bendi ilikwenda Barabara ya Pugu, ikarekodi wote kwa pamoja, baada ya maneno ya wimbo kuchunguzwa. Tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Mambo kwa Soksi ya Remmy Ongala, iliyozungumzia kondomu, ilinyimwa nafasi hewani huku mitaani watu wakiiimba. Ila aliyepita mlango ule aliweza kurekodi wimbo wa dakika saba au nane, na dansi ilizihitaji dakika hizo. Kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, mke kafukuzwa au rafiki kageuka. Halafu linakuja chemko: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, na hata aliyekuwa akilia ananyanyuka kucheza.

Sheria ya 1993 ikafungua mlango kwa redio binafsi. Radio One ikaingia hewani 1994, na mwishoni mwa muongo huo ikaja Clouds FM, iliyotokana na watu wa disko. FM ina sauti safi lakini haifiki mbali, kwa hiyo msikilizaji wa kwanza alikuwa mtu wa mjini, na mwenye tangazo alimtaka hasa kijana. Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Siku ikakatwa vipande vyenye majina yake, kama Power Breakfast, Leo Tena, XXL na Jahazi pale Clouds, na kila kipande kikatafutiwa wadhamini.

Haki yao tuwape. Vijana waliokuwa wakirap kwa Kiswahili walipata mahali pa kusikika. Hata jina Bongo Flava, wengi wanaotafuta asili yake huishia kwa Mike Mhagama na DJ Show ya Radio One.

Nilipomaliza chuo nilijifunza kazi kwenye redio moja. Siku ya kwanza nilionyeshwa karatasi yenye duara kama uso wa saa: hapa tangazo, hapa wimbo, hapa mtangazaji aongee, hapa tangazo tena. Wiki ya pili nikaomba tupige Sikinde. Fundi mitambo akakubali kwa moyo mweupe. Chemko lilipoanza tu, akashusha sauti, ikaingia sabuni ya kufulia. Nikamtazama. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi. Hakuwa na chuki yoyote na Sikinde. Nyumbani kwake alikuwa na kanda zao.

Sasa linganisha. Bendi iliishi kwa viingilio vya ukumbini. Redio ilikuwa mpiga debe wake tu. Ikikosa kupigwa Jumatatu, Jumamosi watu bado wanakuja. Kijana wa bongo fleva wa miaka ile hakuwa na ukumbi wala vyombo. Redio ndiyo ilikuwa ukumbi wake, na hata tamasha kubwa la kupanda jukwaani, Fiesta, lilikuwa la redio hiyo hiyo. Ndiyo maana neno "kubaniwa" likawa zito namna ile kwenye muziki wetu, na habari za bahasha kwa watangazaji zikawa hazikauki. Lango lilitoka kwa kamati ya serikali likahamia kwa mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni. Kamati ilikuogopesha kwa maneno yako. Huyu unaweza usijue kabisa umemkosea nini.

Baba yangu mdogo, fundi gereji, hupiga dansi kwenye simu sasa, akiwa chini ya gari. Juzi nilimkuta kisa kikiendelea, mke anafukuzwa, naye ametulia na spana kifuani, mikono haifanyi kazi. Nikamsalimia. Hakujibu, akaninyamazisha kwa kidole chenye grisi. Chemko lilikuwa linakaribia.