Wimbo Wako Usiwe Mfungwa wa Tableti

Wasee wa kwaya, na nyinyi mnaopiga kinanda kanisani na kwenye maharusi, leo ni historia. Chuo niliacha, historia sikuacha. Najua mlitaka tu niwaambie apu gani ya kuandika noti na kuhamisha kii ndiyo kali. Tutafika huko. Lakini usipojua hizi zana zimetoka wapi, utachagua kwa kufuata matangazo, halafu miaka kumi ijayo utalia.

Tuanze na mama mmoja ambaye wengi hawajawahi kumsikia. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitaka watu wa kawaida waimbe bila kuogopa ile mistari mitano. Mwaka wa 1835 alichapisha mfumo wake wa kuandika muziki kwa herufi. Mchungaji John Curwen, aliyepewa kazi mwaka wa 1841 ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji, akauchukua, akaurekebisha na kuusambaza. Hiyo ndiyo solfa yetu: d, r, m, f, s, l, t. Wamisionari waliibeba hadi Afrika, na ilikuwa rahisi kuichapisha kwa sababu ni herufi za kawaida tu. Mpaka leo kwaya nyingi hapa Kenya zinaimba kwa karatasi za solfa.

Sasa shika hii. Kwa solfa, doh inahama. Juu ya karatasi pameandikwa kuwa doh ni G. Soprano wakilalamika wimbo uko juu sana, mwalimu anasema tu, "Haya, doh iwe F." Basi. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Yaani kwaya ya mtaani inahamisha kii kwa sekunde mbili, bila chaji na bila bando.

Mistari mitano haina huruma hiyo. Ukitoka G kwenda F, kila noti inashuka, shapu moja inatoka, flati moja inaingia. Ongeza bendi, mambo yanakuwa mengi. Tarumbeta ya B flati ikisoma C, sikio linasikia B flati. Saksofoni ya alto ikisoma C, inatoka E flati. Kwa hivyo wimbo ni mmoja lakini kila mchezaji anahitaji karatasi ya kii yake. Zamani kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kunakili hizo karatasi kwa mkono. Hata Irving Berlin, mtunzi mkubwa wa Marekani, alizoea kupiga kwa F shapu, zile funguo nyeusi, kwa hivyo alitumia piano yenye mtambo wa kuhamisha kii. Kile kitufe cha kinanda chako cha umeme si jambo jipya.

Halafu kompyuta ikaja. Finale ilitoka 1988. Sibelius ya mapacha Ben na Jonathan Finn ikafuata 1993. Watu wakaweka kazi ya maisha yao humo. Lakini mwaka wa 2012 kampuni ya Avid, iliyokuwa imeinunua Sibelius, ilifunga ofisi ya London ilikotengenezwa. Wengi wa timu hiyo wakaenda Steinberg, na mwaka wa 2016 wakatoa Dorico. Na Agosti 2024, wenye Finale wakatangaza kwamba wanaachana nayo baada ya miaka 35. Manze, fikiria una nyimbo mia tano kwenye faili ambazo programu yake haitengenezwi tena!

Kilichookoa wengi ni MusicXML, aina ya faili iliyobuniwa na Michael Good, toleo la kwanza 2004. Ni kama Kiswahili kati ya Mluo na Mtaita: si lugha ya mama ya yeyote kati yao, lakini watasikizana. Wimbo unatoka programu moja na kufunguka kwa nyingine.

Kwa hivyo, swali la kwanza kabla ya kupakua apu yoyote: inatoa MusicXML? Kama inatoa PDF peke yake, jua hiyo ni picha, na ukitaka kuhamisha kii utaanza kuandika upya.

Swali la pili: tableti yako ni gani? Kwa iPad kuna Dorico na Sibelius, zote zilifika huko 2021, na StaffPad, ambayo unaandika noti kwa kalamu kama uko kwa daftari. Wa Android, angalieni Flat, ambayo pia inafunguka kwa kivinjari. MuseScore, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka wa 2002, ni ya bure na ni kali, lakini kuandika unaandikia kwa kompyuta. Ile ya simu na tableti ni ya kusoma na kusikiliza. Kama una karatasi za mistari mitano tayari, PlayScore 2 inazipiga picha na kuzigeuza kuwa MusicXML. Karatasi za solfa, kaa chini uziandike mwenyewe.

Na ukishahamisha kii, usiamini kitufe tu. Kinajua hesabu, hakijui koo la mtu. Ukishusha toni mbili ili soprano wapumue, besi aliyekuwa kwa G ya chini sasa unamtaka aimbe E flati. Muulize kwanza.

Kwaya ngapi zimepoteza nyimbo kwa sababu mwalimu alihama au alifariki na daftari likaenda naye? Tableti iliyoibiwa matatuni ni daftari hilo hilo. Solfa imeishi karibu miaka mia mbili kwa sababu yeyote mwenye penseli angeweza kuinakili. Basi leo jioni toa kila wimbo kwa MusicXML na PDF, jitumie kwa barua pepe, mtumie na katibu wa kwaya. Alafu juu ya kila karatasi, andika doh ni nini.