Fahamu namna springi inavyounganisha na kukata umeme katika sakiti breka

Wakaazi wa Kiwengwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, si wageni wa hali hii: upepo wa Kusi unavuma, taa zinazimika ghafla, zinarudi baada ya muda mfupi, kisha zinazimika tena. Hali hiyo kwa kawaida ni kazi ya sakiti breka, chombo kinachokata umeme penye hitilafu na kuurejesha hitilafu inapoondoka. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyofanya kazi na kwa nini ni muhimu kwa usalama wa mwananchi.

Safari ya umeme hadi kijijini

Sehemu kubwa ya umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa kebo za baharini za kilovolti 132, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Kebo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980. Ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013. Umeme hupunguzwa nguvu, ukasambazwa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) kwa laini za kilovolti 33 na 11, kabla ya transfoma kuushusha hadi volti 230 za majumbani. Sakiti breka hulinda laini hizo kubwa.

Kwa nini springi?

Ndani ya sakiti breka mna kontakti zinazogusana ili umeme upite, na kuachana ili ukatike. Zikikaribiana polepole, cheche kali huruka kati yake na zinaweza kuyeyuka na kugandana. Kwa hiyo kasi ya kuunganisha haiwezi kuachiwa mkono wa fundi. Springi hutoa kasi ileile kila mara.

Mota ndogo hukaza springi ya kuunganisha kwa sekunde chache, nayo huzuiwa na komeo. Amri inapotolewa, koili hufyatua komeo. Springi huzungusha mhimili na kontakti hugusana. Katika tendo hilohilo, mhimili hukaza springi ya pili, ile ya kukata, ambayo nayo hushikwa na komeo lake. Kwa maneno mengine, sakiti breka haiunganishi umeme bila kuwa tayari imejiwekea nguvu ya kuukata.

Rilei inapogundua hitilafu, koili inayotumia betri za kituo hufyatua komeo la pili, na umeme hukatika kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mota ikikosa umeme, fundi hukaza springi kwa mpini. Ndiyo maana chombo hiki hufaa hata kisiwa kizima kikiwa gizani, kama ilivyokuwa Unguja kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009.

Kukatika na kurudi

Mara baada ya kuunganisha, mota hukaza upya springi ya kwanza. Springi zote mbili zikiwa tayari, chombo kinaweza kukata, kuunganisha na kukata tena bila kusubiri mota. Katika utaratibu wa kimataifa unaotumika kupima vyombo vya kujiunganisha haraka, muda kati ya kukata na kuunganisha mara ya kwanza ni sekunde 0.3, na kabla ya jaribio linalofuata ni dakika 3. Kuti la mnazi likigusa waya na kuanguka, umeme hurudi wenyewe. Likibaki juu ya waya, umeme hukatwa tena.

Hifadhi na tahadhari

Katika maeneo ya pwani, chumvi ya bahari huleta kutu, na grisi iliyozeeka huganda. Komeo likikwama, springi yenye nguvu haisaidii kitu; ndiyo sababu ya kukatwa umeme kwa matengenezo yanayotangazwa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa waya ulioanguka si waya uliokufa. Hata kama taa za kijiji zimezimika, springi inaweza kuwa imekazwa na umeme ukarudi ghafla. Usiuguse, usiusogeze kwa kijiti, usikate kuti lililoulalia. Waweke watoto na mifugo mbali, na utoe taarifa mara moja kwa ofisi ya ZECO iliyo karibu au kwa Sheha wa Shehia yako.