Tundu la Volti 5
M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu ya shosho iligeuka kibeti. Lakini stima haikuwa imefika kwake, basi kibeti hicho kilishinda kwa kinyozi sokoni, kikichajiwa na betri ya gari, kwa ada. Simu ikizima, hela nazo haziguswi.

Baadaye paneli ya sola ikapanda juu ya mabati. Betri ya volti 12, fyuzi, na kifaa kidogo cha kuzishusha hadi volti 5 za USB, mtindo uliobuniwa kwa ajili ya kompyuta na kutangazwa mwaka 1996. Hakuna inveta ya kula chaji bure.

Historia ya umeme Kenya huhesabu nguzo. Mimi nahesabu pia matundu haya: shosho sasa huchaji pesa zake nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.