Mtandamboo: Kichaka cha Matunda cha Kupanda Uani

Tangu nihamie Machakos kutoka Mombasa, jamaa wa nyumbani wameniuliza zaidi ya mara moja kama baridi ya huku inaweza kuzalisha karanti, lile tunda dogo jeusi linalotiwa kwenye Ribena. Jibu langu ni kwamba usipoteze pesa zako. Karanti ni mti wa nchi za theluji, na bila wiki nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hauchanui vizuri. Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini hata Julai haina baridi ya kutosha. Utapata majani, matunda hutayaona.

Kichaka kinachofaa tunacho wenyewe, nacho ni mtandamboo. Wakamba na Wakikuyu huuita mukawa, Wajaluo ochuoga, na Wamasai olamuriaki. Jina lake la kitaalamu ni Carissa edulis. Huota porini Pwani na huku Ukambani pia, hustahimili ukame, na miiba yake huufanya uwe ua mzuri wa kuzuia mbuzi. Matunda ni madogo, huanza kijani, yakawa mekundu, kisha meusi ya zambarau yakiiva.

Usiuchanganye na msunguti

Hapa ndipo penye hatari. Msunguti, ambao Wagiriama na Wakamba tangu zamani waliutolea sumu ya mishale, ni wa ukoo mmoja na mtandamboo. Yote miwili ina maua meupe yenye harufu nzuri, utomvu mweupe kama maziwa, na matunda yanayoiva rangi ya zambarau. Sumu ya msunguti hushambulia moyo.

Tofauti kubwa ni mwiba. Mtandamboo una miiba mirefu, migumu, mara nyingine yenye ncha mbili kama uma. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Wafundishe watoto hivi: pasipo mwiba, usichume. Na mtoto akila tunda lisilojulikana, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue tawi la mti ule ili daktari aone.

Kuchagua mbegu

Vichaka havilingani. Kimoja hutoa matunda matamu, cha pili yake machungu na madogo. Kwa hiyo, ukishahakikisha kuwa ni mtandamboo, onja kwanza matunda yaliyoiva kabisa, kisha chukua mbegu kwenye kile kilichokupendeza. Mbegu haifuati mama yake moja kwa moja, hivyo panda miche kadhaa, halafu ung'oe ile itakayokukatisha tamaa.

Kupanda

Osha mbegu, zianike kivulini, na uzipande zikiwa mbichi, kwani zikikaa sana hazioti vizuri. Tumia mifuko ya miche yenye udongo uliochanganywa na samadi, mwagilia kidogo kidogo, na uwe na subira. Huku Machakos tunahamishia miche shambani mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, kwa sababu ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani. Wewe wa Pwani ngoja masika.

Chimba shimo la futi moja na nusu, rudisha udongo wa juu pamoja na samadi iliyooza. Kwa ua, acha mita moja kati ya mche na mche. Kwa matunda, acha mita mbili ili upate pa kupita bila kuchomwa.

Kutunza na kuvuna

Miaka ya mwanzo hukua polepole, basi usitarajie matunda mapema. Palilia, tandaza majani makavu chini, na uzuie mbuzi, maana wanaupenda mche mchanga. Ukishashika, pogoa baada ya mavuno, na uvae glavu nene.

Chuma yaliyo meusi na laini tu, kwani yaliyo mekundu yana utomvu unaonata mdomoni. Huliwa vivyo hivyo pamoja na mbegu zake, na yakizidi, yapike na sukari upate jemu ya rangi nzito ambayo wageni wangu huidhania kuwa ya dukani.