Mwenzi wa Bwenini: Ujana, Urafiki na Msiba katika Hadithi za Shule za Kulala

Katika vitabu visomwavyo na vijana, viko vya namna moja ambavyo twaviona katika makabati ya shule nyingi, wala hatuvifikirii sana: ndivyo hadithi za shule za kulala. Mpango wake wajulikana. Mtoto atoka kwao, afika penye nyumba kubwa asipojulikana na mtu, aonewa na wakubwa, apata rafiki mmoja wa moyo. Kisha rafiki yule hufa au hupotea, naye abaki akijiuliza yeye mwenyewe ni nani. Katika maandiko haya tumekusudia kueleza asili ya hadithi hizo, na kuonyesha ya kwamba hazikutungwa kwa kujifurahisha tu. Kadha wa kadha zilitoka katika misiba iliyotukia kweli, ambayo watoto hawakupata nafasi ya kuililia wakati wake. Jambo hili lamhusu kila mwalimu alazaye watoto wa watu chini ya dari moja.

Yafaa tuanze na maneno na desturi zetu. Rafiki ni neno la Kiarabu, na asili yake ni mtu wa kufuatana naye safarini. Mwandani ni mtu wa ndani, ajuaye yasiyosemwa barazani. Neno lenye maana nyingi kupita yote ni somo: ni jambo lisomwalo, tena ni mtu wa jina moja nawe, tena ni msiri wako, tena kwa wanawake ni yule amfundaye mwari. Basi lugha yenyewe yatuonyesha ya kuwa mafunzo, jina na urafiki hukaa jirani. Ndivyo ilivyokuwa kumbini. Wari walioingia jandoni pamoja walikuwa ndugu tangu siku ile, na katika makabila mengi kijana aliacha huko jina lake la utoto akatoka na jina jipya.

Shule ya kulala yafanana na kumbi kwa kuwa humtenga mtoto, humbadili mavazi na mwendo, na kumpa wenzi wa marika yake. Lakini tofauti zake ni kubwa. Kumbi lilikuwa kazi ya ukoo, na wazee waliomjua mtoto tangu kuzaliwa walikuwa karibu. Shuleni mtoto hulelewa na watu wasiojua nyumba yao, kwa miaka wala si kwa miezi. Tena nyumbani mtu akifa, watu hukusanyika, hukaa matanga, na hata mtoto hupewa mahali pake penye mkeka wa wafiwa. Shuleni kengele hulia asubuhi ileile, na watoto huingia darasani. Hapo ndipo hadithi zetu zinapoanzia.

Mwaka 1824 ilifunguliwa shule ya binti za makasisi katika Cowan Bridge, kaskazini ya Uingereza. Kasisi Patrick Brontë, aliyekuwa amefiwa na mkewe mwaka 1821, alipeleka huko binti zake wanne. Chakula kilikuwa kibaya, baridi ilikuwa kali, maradhi yakaingia. Maria, aliye mkubwa, alirudishwa nyumbani akiwa na kifua kikuu, akafa mwezi wa Mei mwaka 1825, umri wake miaka 11. Elizabeth akamfuata mwezi wa Juni, naye alikuwa na miaka 10. Charlotte, aliyekuwa na miaka 9, akabaki kuwa mkubwa wa nyumba pasipo kutaka.

Mwaka 1847 Charlotte alitoa kitabu chake Jane Eyre. Ndani yake yumo mtoto yatima apelekwaye shule ya Lowood, naye apata rafiki, Helen Burns, aliye mpole, mwenye kusoma sana, avumiliaye kuadhibiwa pasipo haki. Helen amfundisha Jane kuvumilia. Lakini Jane hakubali yote, na katika kushindana huku kwa upendo Jane aanza kujijua. Kisha Helen afa usiku, Jane akiwa amelala kando yake. Charlotte mwenyewe alikiri ya kwamba Helen ni sura ya Maria. Na tuhesabu: tangu mwaka 1825 hata 1847 ni miaka 22. Mwandishi asema pia ya kuwa kaburi la Helen lilikaa miaka 15 bila jiwe. Kitabu kile ndicho matanga yaliyochelewa.

Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1857, kilipigwa chapa Tom Brown's School Days cha Thomas Hughes, nacho ndicho kilichowapa waandishi wengine mfano wa kufuata. Hughes alisoma Rugby, wakati mkuu wa shule alipokuwa Kasisi Thomas Arnold, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1828. Wengi wakikumbuka kitabu hiki hukumbuka mpira, na yule mwonevu Flashman awachomaye wadogo karibu na moto. Lakini kiini chake ni urafiki. Tom alikuwa ameanza kupotea. Mkuu wake akampa kazi ya kumtunza mtoto mgeni, mnyonge, aitwaye George Arthur. Usiku wa kwanza Arthur apiga magoti kusali mbele ya bweni zima, naye atupiwa kiatu. Tom asimama kumtetea, na tangu hapo mtunzaji ndiye atunzwaye. Baadaye homa yaingia shuleni, mwanafunzi mmoja afa, na Arthur mwenyewe afika penye mlango wa mauti akarudi.

Wala kitabu hakiishi kwa shangwe. Arnold alikufa ghafula mwezi wa Juni mwaka 1842, kabla hajatimiza miaka 47. Hughes amweka Tom mbali, akivua samaki, apate habari hizo katika gazeti. Naye arudi peke yake hata kanisani pa shule, penye kaburi la mwalimu wake. Toka mwaka 1842 hata 1857 ni miaka 15. Basi hadithi isemwayo kuwa ya michezo yaishia kwa kijana aliaye kaburini.

Mwaka uliofuata, 1858, Kasisi Frederic William Farrar, aliyekuwa mwalimu wa Harrow, alitoa Eric, or Little by Little. Farrar alizaliwa Bombay, baba yake akiwa mmisionari, na mtoto Eric wa kitabuni naye ana wazazi walio mbali, katika Bara Hindi. Mwandishi huyu aliyajua machungu ya mtoto aachwaye shuleni. Lakini katika kitabu chake kifo kimekuwa fimbo. Rafiki mwema wa Eric anaswa na maji ya bahari mwambani, avunjika mguu, afa. Ndugu yake mdogo aanguka kutoka jabali, afa. Na Eric mwenyewe, aliyezama katika ulevi na aibu, atoroka baharini na kurudi ili afe. Kila msiba waja na mahubiri yake. Kwa muda kitabu kilipendwa sana. Lakini mwaka 1899 Rudyard Kipling alitoa Stalky & Co., na vijana wake wamcheka Eric waziwazi. Twaona hapa jambo la kuangaliwa na kila mwalimu: kijana huvumilia kusikia habari za kifo, ila havumilii kutishwa nacho. Msiba ukigeuzwa kuwa adhabu, huzuni huondoka na kicheko huingia.

Marekani mambo yalichukua njia nyingine. A Separate Peace cha John Knowles kilitoka mwaka 1959. Shule yake yaitwa Devon, na mfano wake ni Phillips Exeter Academy, alikosoma Knowles siku za Vita vya Pili. Gene na Phineas ni marafiki wapendanao. Siku moja wako juu ya tawi la mti ulio kando ya mto. Gene alitikisa tawi, Phineas akaanguka akavunjika mguu. Je, alikusudia? Yeye mwenyewe hajui hakika. Baadaye Phineas aanguka tena ngazini, afa wakati wa kuungwa mfupa, na Gene hamlilii, kwa kuwa aona ni kama mazishi yake mwenyewe. Arudi shuleni baada ya miaka 15 kuutazama mti ule. Katika hadithi za kwanza adui alikuwa mwonevu, au homa, au dhambi; hapa adui ni wivu ukaao ndani ya urafiki wenyewe. Kijana atakaye kuwa kama mwenzake aweza kumwondoa mwenzake ili mahali pawe pake. Hatudhani ya kuwa jambo hili ni la Wamarekani peke yao.

Sasa na turudi pwani yetu. Mwaka 1864 misheni ya UMCA ilihamia Unguja, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa utumwani. Shule yao ya Kiungani ilikuwa shule ya kulala kwa lazima, kwa kuwa wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Mwaka 1887 A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1903, alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari za wavulana walizozieleza wenyewe, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Wasimulia kushambuliwa kwa vijiji, kutengwa na mama zao, kuuzwa mkono kwa mkono, na safari ya kuja pwani. Hizi si riwaya. Lakini mtu asomaye Jane Eyre, kisha akasoma habari hizi, huona ya kuwa kitu ambacho Waingereza walikitafuta kwa kutunga, watoto wa Kiungani walikuwa nacho tayari: kila kitanda cha bweni kilikuwa na msiba wake. Na yule mwalimu alifanya jambo moja jema: aliwaacha waseme.

Katika riwaya za Afrika msiba hauingii shuleni kwa homa wala kwa mti. Watoka nyumbani na kumfuata mtoto hata bwenini. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance High School toka mwaka 1955 hata 1958, siku za Hali ya Hatari. Katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 2012 aeleza jinsi alivyorudi likizo ya kwanza akakuta kijiji chao hakipo tena, watu wamehamishwa. Katika riwaya yake Weep Not, Child ya mwaka 1964, Njoroge akaa katika shule ya Siriana kwa amani pamoja na vijana wa makabila mengine. Kwenye mchezo wa mpira akutana na Stephen, mtoto wa mzungu mwenye shamba, wakasema kweli kwa muda mfupi. Kisha askari waja kumtoa shuleni. Baba yake afa kwa mateso aliyotendwa, na ndugu yake amwua baba wa Stephen. Ukuta wa shule haukuzuia kitu.

Habari iliyo nzito kuliko zote ni ya Rwanda. Notre-Dame du Nil cha Scholastique Mukasonga kilitoka Ufaransa mwaka 2012, kikapata tuzo ya Renaudot mwaka uleule. Shule yake ya wasichana iko milimani, karibu na chemchemi ya Nile. Watutsi wapewa nafasi chache kwa hesabu iliyowekwa. Wasichana wala pamoja, walala pamoja, wacheka pamoja. Lakini Gloriosa, binti wa mkubwa wa serikali, atunga uongo, na uongo ule waleta wauaji. Veronica auawa, Virginia aokolewa na msichana mmoja wa Kihutu, Immaculée. Mwaka 1973 Watutsi walifukuzwa kweli katika shule za Rwanda, na Mukasonga alikimbilia Burundi. Mwaka 1994 wengi wa jamaa zake waliuawa. Tangu 1973 hata 2012 ni miaka 39. Na katika kitabu kile, wakubwa wa shule, watawa na padre, hawakuzuia lililokuwa likikua mbele ya macho yao. Sisi tulio katika kazi hiyohiyo hatuwezi kusoma kurasa hizo kama wasikilizaji tu.

Tukiweka hesabu hizi pamoja, miaka 22, miaka 15, miaka 39, twaona ya kwamba mtoto aliyefiwa au kupotewa shuleni hakusahau, alingoja. Alipopata lugha na nafasi, alisema. Wachache walipata kuwa waandishi. Wengine wengi walinyamaza hata kufa.

Je, ni lazima kungoja? Katika Looking for Alaska cha John Green, kilichotoka Marekani mwaka 2005, msichana afa kwa ajali ya motokari katikati ya kitabu, na nusu ya pili yote ni ya rafiki zake kutafuta maana. Yumo mwalimu mzee afundishaye habari za dini. Siku ya mtihani awapa swali ambalo msichana yule mwenyewe aliliuliza alipokuwa hai, juu ya kutoka katika mateso, kila mmoja alijibu kwa nafsi yake. Hakuwahubiri. Aliyarudisha maneno ya marehemu kati ya wenzake, akaketi kuwasoma.

Hivyo ndivyo tunavyoweza kufanya sisi, tena kwa gharama ndogo. Mwanafunzi akifiwa, na aruhusiwe kwenda matangani, wala asihesabiwe mtoro. Mwanafunzi akifa, kitanda chake kisiondolewe usiku kabla wenzake hawajaambiwa. Na watajwe wale waliokuwa wandani wake, wapewe pole kama wafiwa, maana ndio ndugu zake wa bwenini. Baadaye wapewe karatasi, waandike kwa lugha waliyoilia utotoni, pasipo kusahihishwa kwa wino mwekundu. Na vitabu tulivyovitaja visiwekwe kabatini kama vya mchezo. Kijana avisomaye hutafuta mtu aliyekaa mahali alipokaa yeye, naye ana haki ya kumkuta.