Mbwa Alivyoingia Sebuleni Eastlands

Buruburu, Donholm, Umoja au Komarock, kilio cha anayefuga mbwa kwa mara ya kwanza ni kile kile. Kilebu ameachwa peke yake tangu asubuhi. Jioni mwenyewe akifungua mlango anakuta kiatu cha shule hakina ulimi, waya wa chaja umekatwakatwa, na vitambaa vya kochi vya kufuma vimeburutwa hadi chini ya meza, vimekuwa matambara. Majirani watamshauri amchape, au amfunge mnyororo, au amrudishe alikomtoa. Ushauri wote huo unachukulia kwamba mwenye kosa ni mbwa. Historia ya mitaa hii inanishawishi vingine. Mbwa ni yule yule wa miaka yote. Kilichobadilika ni nyumba na siku ya kazi, naye akaingizwa sebuleni kabla hatujajipanga kuishi naye humo.

Vijiji vya mwanzo vya Waafrika jijini Nairobi, kama Pangani, vilikuwa na Waislamu wengi, na Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaendeleza desturi zao. Mate ya mbwa ni najisi kwa Mwislamu, hivyo hata aliyefuga mbwa wa ulinzi alimweka nje, mbali na mkeka na vyombo. Wakuu wa mji nao walimwona mbwa asiye na mwenyewe kuwa hatari, wala hawakuwa na hofu ya bure: kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya hayo hapakuwa na nafasi. Nyumba ambazo manispaa ilijenga Kariokor mwishoni mwa miaka ya 1920, pamoja na zile za reli kule Muthurwa, zilikusudiwa vibarua wanaume ambao wake na watoto wao walibaki mashambani. Mtu alikodi nafasi ya kitanda tu. Wanaume waliogawana chumba, kila mmoja na sanduku lake chini ya kitanda, wangemlaza wapi mbwa?

Mbwa wa ndani alikuwepo Nairobi wakati huo huo, ila ng'ambo ya pili ya mji: Muthaiga, Kilimani, Karen. Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi wetu hulipita. Mbwa wa Mzungu alilala kwenye zulia na kuingia jikoni, lakini hakuachwa peke yake. Bwana na bibi wakitoka, walibaki mpishi, mtumishi wa nyumba na mtu wa bustani, Waafrika waliolipwa mshahara mdogo, na kumwangalia mbwa kukawa sehemu ya kazi yao. Nje kulikuwa na bustani pana ya kukimbilia. Picha iliyotufikia baadaye, ya mbwa mtulivu aliyejilaza karibu na kochi, ilitufikia bila bustani na bila watu hao. Tulichukua zulia tukaacha yaliyolifanya liwezekane.

Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza kumruhusu mfanyakazi aishi na familia yake. Bahati, Maringo na Jericho zikafuata miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumba zilikuwa ndogo, lakini katikati yake palikuwa na uwanja wa wote. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga, watoto wakicheza, na mbwa wa mtaa akizunguka kutoka mlango hadi mlango, akitupiwa mabaki ya ugali na mfupa. Kilebu wa hapo alitafuna pia, bila shaka. Ila alitafuna kijiti, kigunzi cha hindi na mfupa wa supu, na akigusa champali ya mtu alikemewa papo hapo, kiatu kikiwa bado mdomoni.

Buruburu iligeuza mpangilio huo. Ilianza kujengwa mapema miaka ya 1970 kwa fedha za serikali na za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, kwa awamu tano, kwa ajili ya watu wa mshahara wa kati walionunua nyumba kwa mkopo. Kila nyumba ikawa na kiwanja chake kidogo, na ua wa miti ukawa mpaka. Wizi ulipozidi katika miongo iliyofuata, ua ukang'olewa, ukuta wa mawe ukapanda, geti la chuma likawekwa na juu yake kibao cha MBWA KALI, nyumba nyingine bila hata mbwa. Mbwa akawa chombo cha ulinzi, akipewa ugali wa omena jioni na kufunguliwa usiku. Kisha viwanja vyenyewe vikaliwa: hapa chumba cha kupangisha, pale duka, kule saluni. Umoja, na Dandora ambako Benki ya Dunia iligharimia viwanja vipatavyo 6,000 kuanzia 1975, hali ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa kodi ya nyumba ndiyo iliyolipa gharama ya ujenzi; ploti iliyopangiwa vyumba vichache leo ina ghorofa kadhaa. Mwenye kupenda mbwa katika ghorofa hizo hana nje. Akimchukua, atamweka sebuleni, kisha alfajiri apande matatu ya Jogoo Road au Outer Ring arudi usiku, na mkewe au mumewe vivyo hivyo.

Sasa tumwangalie kilebu mwenyewe katika saa hizo. Ana meno ya utotoni 28, yanayoanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na kufikia miezi saba hivi huwa ameota meno 42 ya ukubwani. Ufizi unamwasha na kutafuna kunamtuliza. Tena ni mnyama wa kundi, aliyeachanishwa na mamaye juzi tu. Ukichunguza alichoharibu utajua kinachomsumbua: kiatu na waya ni meno au uchovu wa kukosa la kufanya, lakini mlango uliokwanguliwa kwenye fremu, na mkojo karibu yake, ni hofu ya kuachwa.

Kuna watakaosema kwamba fimbo ilifanya kazi kwa wazee wetu. Ilifanya kazi pale ilipofanya kazi kwa sababu mtu alikuwepo kosa likitendeka. Anayechapwa saa mbili usiku kwa kiatu cha saa nne asubuhi anajifunza jambo moja, kwamba mwenye nyumba akirudi kuna kipigo, na hofu hiyo itazidisha utafunaji wa kesho. Wengine watatetea mnyororo. Nakubali kwamba utaokoa kochi. Lakini mbwa aliyefungwa mchana kutwa angali mdogo hukua na woga au ukali usiochagua mtu, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayemtesa mnyama bila sababu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, mtaa una shida kubwa kuliko za mbwa. Shida hizo zipo. Hata hivyo mbwa anayetupwa kwa sababu alikula viatu hatoweki. Huishia jalalani na barabarani bila chanjo, na anayeumwa ni mtoto wa mtaa huo huo.

Kwa hiyo dawa ni kumrudishia kilebu kile ambacho uwanja wa Kaloleni ulimpa bure. Mtembeze alfajiri kabla ya kazi mpaka achoke. Mwachie kitu chake halali: mfupa mkubwa mbichi kutoka bucha, kwa maana uliopikwa hupasuka na kumchoma tumbo, au kamba nene iliyosukwa kwa vitambaa vya mitumba. Usimpe kiatu kikuukuu, hana namna ya kukitofautisha na kipya. Mtengee kona ya jikoni au kibaraza chenye wavu, waya na viatu vikiwa juu. Mzoeshe kuachwa dakika tano, kisha kumi, kisha saa, kwa siku kadhaa, bila kuagana naye kwa shangwe. Adhuhuri mtu amfungulie: dada wa kazi, jirani, au kijana wa mtaa anayelipwa kidogo. Kama katika siku yako hakuna mtu huyo wala nafasi hiyo, usimchukue kilebu mwaka huu.