Pia Isiyo Pia: Maumbo Yenye Ujazo Machoni pa Mtoto wa Buhaya

Mtoto wa Bukoba na Muleba wa zamani alikulia ndani ya umbo kabla hajalisoma. Nyumba ya Wahaya, yaani mushonge, iliezekwa nyasi toka kileleni hata chini, wala haikuwa na ukuta uliotengana na paa. Fito zake zilipangwa duara chini ya duara, kila la chini pana kuliko la juu yake. Mtoto aliyelala chali aliziona duara zikipungua mpaka zikaishia kileleni. Jambo hilo mwalimu hulitafuta kwa taabu ubaoni, maana ubao hauna kina.

Tunda la kahawa nalo lilikuwa somo. Ni mviringo, na ndani mna buni mbili zilizolaliana, kila moja ina mgongo wa duara na uso bapa. Aliyelipasua alijua, bila kuambiwa, kwamba kitu cha mviringo kikigawanywa huzaa uso ulio sawa. Huko Ujerumani, Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alichongesha tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao ili mikono itangulie macho. Buhaya vitu vya namna hiyo vilikuwa vimezagaa migombani.

Wajerumani walijenga kituo Bukoba mwaka 1890, na Mapadre Weupe wakafika Kashozi mwaka 1892. Pamoja na herufi ulikuja mtindo wa jengo la pembe nne. Fedha ya kahawa ya miaka ya 1920 ikaleta bati, na misonge ikapungua kizazi baada ya kizazi. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri elimu ifuate mazingira ya mtoto; lakini ilifikiri zaidi kilimo, afya na ufundi kuliko hesabu.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, baada ya mwaka 1967, majina nayo yalifika. Hayakuwa majina mabaya. Mche ni neno lilelile la mche wa sabuni, na sabuni ilikuwa kila nyumba. Pia ni kile kichezeo cha mbao kizungushwacho kwa kamba. Hata Wayunani walilitaja umbo hilo kwa jina la tunda la msonobari. Lakini mtoto aliyesema Kihaya nyumbani alilipokea neno pia bila kichezeo chenyewe, kisha akachorewa ubaoni mistari miwili iliyokutana juu na kitako kilichopinda. Akiita pembetatu, kosa si lake: ameitaja picha aliyoonyeshwa.

Msonge nao, ukipimwa kwa haki, si pia kamili. Ubavu wa pia hunyooka toka kilele hadi kitako. Wa msonge hubetuka nje kama tumbo la mtungi. Tofauti hiyo haionekani kwa aliyesimama mlangoni. Huko Katuruka, katika Maruku, ambako Peter Schmidt alichimbua masalio ya wafua chuma wa kale, wenyeji wameijenga tena nyumba ya namna hiyo kwa kumbukumbu ya mfalme Rugomora Mahe. Darasa likipelekwa pale na kamba ndefu, mmoja ashike ncha kileleni na mwingine aivute mpaka chini, kamba itakataa kunyooka: nyasi za ubavuni zitaisukuma nje.